Ukaguzi wa Malori na Amana ya Roho za Watu

Msimu wa korosho unapokaribia hapa Nachingwea, hakuna nyumba isiyoguswa na lori. Mkulima anasubiri lori libebe magunia yake kutoka ghala la chama cha msingi. Mwenye duka anasubiri lori lilete saruji, sukari na mafuta ya kula. Na zipo nyumba zinazosubiri jambo zito kuliko hayo yote, nalo ni baba, mume au kijana arejee salama kutoka safarini. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kurasa hizi za familia zizungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wenye magari na serikali peke yao: ukaguzi wa usalama katika kampuni za usafirishaji.

Sisi si watu wa gereji. Elimu yetu ni ya chuo cha Kiislamu, na kazi yetu katika kamati ya msikiti ni kuandika mihtasari ya vikao, kutunza daftari la michango, kuandika barua na kusaidia hesabu za mirathi. Lakini katika mji mdogo, katibu wa msikiti huletewa kila karatasi inayomtia mtu hofu. Ndivyo ilivyotufikia barua ya mwenzetu mmoja wa safu za swala, mzee mwenye malori manne na wafanyakazi kumi na mmoja, ikimjulisha kwamba wakaguzi wa usalama wa serikali wangefika kwake baada ya wiki tatu.

"Ustadhi," alituambia, "mimi barabara naijua, karatasi hizi siziwezi. Nisaidie, nisije nikafungiwa kazi msimu ukiwa mlangoni."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa zinategemea lori kuliko wageni wanavyodhani. Zamani palikuwa na reli. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, katika Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, walijenga bandari Mtwara na kutandika reli ya kuwaletea mitambo na kuondoa mazao. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, kwa kuwa mipango ilipitishwa kwenye makaratasi kabla ardhi na mvua za huku hazijachunguzwa ipasavyo. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila gunia la korosho, ufuta au mbaazi linaloelekea pwani hupanda lori, likapita Masasi, Ndanda na Mingoyo, zaidi ya kilomita 200 hadi Mtwara. Lori likisimama, jiko la mtu limezimwa.

Tulianza kwa kumwuliza mzee kile anachoambiwa na sheria, tukagundua kwamba anaogopa jina la serikali lakini hajui nani anataka nini. Tunaeleza hapa kwa manufaa ya wengine. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, ndiyo inayotoa leseni ya gari la mizigo ya biashara. Polisi wa usalama barabarani hukagua ubora wa gari na leseni ya dereva. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, husimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, na kwake yeye yadi ya malori ni mahali pa kazi kama kiwanda: husajiliwa, hukaguliwa, na wafanyakazi wake hupimwa afya kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Wakala wa Barabara, TANROADS, una mizani yake njiani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, hata liwe na ekseli ngapi. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hukusanya mchango kutoka kwa mwajiri, si kutoka mshahara wa mfanyakazi, ili mtu akiumia au akifa kazini, yeye au wategemezi wake walipwe.

Baada ya kuyaelewa hayo tuligawa kazi katika mafungu manne: magari, watu, yadi na karatasi.

Magari tulimwachia fundi, nasi tukashika kalamu. Tulipita kila lori tukiandika: matairi yenye kipara ni mangapi, taa ipi haiwaki, kioo kipi kimepasuka, mtungi wa kuzimia moto umekwisha muda lini, pembetatu za kuakisi zipo au hazipo, mawe ya kuzuia gurudumu yamewekwa wapi, kamba na turubai zina hali gani. Lori moja lilikuwa na mtungi mpya kabisa, umefungwa kwa waya mgumu nyuma ya kiti. Tukamwomba utingo aufungue. Alihangaika hadi akaomba koleo. Mzee alitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba moto usingemngoja kijana yule kutafuta koleo.

Fungu la watu lilituumiza zaidi. Madereva wanne walikuwa na leseni na mikataba, ingawa miwili ilikuwa imekwisha. Matingo hawakuwa na kitu. Majina yao hayakuwa katika orodha yoyote; walilipwa kwa safari, mkononi. Mmoja wao ni mtoto wa mama mjane anayeuza vitumbua karibu na msikiti. Tulipokwenda kumwomba namba ya kitambulisho cha kijana wake, alituuliza ni ya nini. Tukamweleza habari za mkataba, hifadhi ya jamii na fidia. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo, baba, miaka miwili hii yote mwanangu angeanguka juu ya mzigo, ningeletewa maiti na sanda tu?"

Hatukuwa na jibu la kumpoza. Ndivyo ingalivyokuwa, na ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi ambazo hazijauliza.

Likabaki fungu la karatasi, na hapo ndipo penye habari tunayotaka kuisimulia.

Miongoni mwa yaliyotakiwa ni daftari la ukaguzi wa kila siku. Dereva, kabla hajaondoka, hutakiwa kukagua breki, matairi, taa, stelingi, maji na mafuta, akaweka alama na sahihi. Pamoja nalo huwekwa kumbukumbu ya saa za kazi: ameondoka lini, amefika lini, amepumzika wapi. Mzee alikuwa amenunua madaftari hayo zamani, yamechapwa vizuri, yana mistari na nembo ya kampuni. Yalikuwa matupu.

Zikiwa zimebaki siku tisa, mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa mambo haya alimshauri mzee kwamba jambo ni jepesi: madaftari yajazwe kwa nyuma, miezi mitatu, kalamu mbili au tatu tofauti, karatasi zichafuliwe kidogo kwa mafuta ili zionekane zimetumika. Mzee akaja kwetu baada ya swala ya Isha. Alijua mwandiko wetu ni mzuri. Aliweka madaftari manne juu ya mkeka.

Tunataka msomaji amtendee haki mzee huyu kama tulivyojitahidi sisi. Si mlaghai. Hutoa zaka yake bila kukumbushwa, na paa la madrasa yetu limejengwa kwa sehemu na pesa yake. Hoja yake ilikuwa hii: magari kwa kweli hukaguliwa, dereva huyazunguka kila asubuhi na kupiga matairi kwa nyundo, lisilokuwepo ni maandishi tu. Kujaza daftari, alisema, ni kuandika kilichokuwa kikifanyika. Tena nyuma yake zipo nyumba kumi na moja. Kampuni ikisimamishwa mwezi wa kwanza wa minada, nani atazilisha? Je, dini haina nafasi ya dharura?

Swali hilo halikuwa dogo, wala hatukulijibu usiku ule kwa wepesi. Tulimwomba atuachie hadi asubuhi. Tulijua kwamba tukikataa na kampuni ikafungwa, kijana wa yule mjane, ambaye mkataba wake wino ulikuwa haujakauka, angekuwa wa kwanza kukosa kazi.

Asubuhi tulimweleza tulichokiona. Daftari la ukaguzi ni ushahidi. Anayeweka alama penye neno "breki" anasema: nimeziona breki hizi siku hii, nazo ni nzima. Asiyeziona akaandika ameshuhudia uongo, na sote tunajua katika Sahihi mbili jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa ameegemea, akaketi wima alipofika kwenye kutaja ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa, akalirudia neno hilo hadi Maswahaba wakatamani anyamaze. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu na kushuhudia kwa ajili ya Allah, ijapokuwa ushahidi huo unatuelemea sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Ama dharura, huhalalisha kilichoharamishwa pale ambapo njia ya halali haipo. Hapa njia ya halali ilikuwapo: kuanza kuandika leo, kwa tarehe ya leo, na kuwaambia wakaguzi kwamba huko nyuma hapakuandikwa.

"Hiyo njia ni ya hasara, Ustadhi," alisema.

"Ni ya hasara, mzee wetu. Hatukukatalii."

Akachukua madaftari yake akaondoka bila kutupa mkono. Siku mbili hatukumwona katika safu ya Alfajiri.

Siku ya tatu alikuja na mkewe. Mama huyu ndiye anayetoa posho za safari. Dereva hapokei pesa ya njiani ila kwake. Alikuwa na kaunta buku kubwa, jalada limechakaa, kurasa zimejikunja. Humo kwa miaka mitatu ameandika kila gari lililotoka: siku, saa, dereva, utingo, mzigo, posho, na saa ya kurudi. Saa ya kurudi haikuhitajika kwa hesabu ya pesa. Alisema aliiandika kwa kuwa hakuweza kulala mpaka ameiandika.

Kumbe kumbukumbu zilikuwapo, za kweli, zimeandikwa na mtu ambaye hakuagizwa na sheria yoyote. Lakini tulipoanza kuzisoma tuliona kwa nini mzee alikuwa amesita kutuonyesha. Katika msimu uliotangulia, dereva mmoja aliondoka Nachingwea baada ya Alfajiri, akakaa foleni ya kushusha Mtwara mchana kutwa, akisogeza gari hatua kwa hatua asipate kusinzia, kisha akarudi usiku huohuo ili awahi mzigo wa kesho. Saa kumi na tisa. Safari ya namna hiyo tuliikuta mara saba ndani ya miezi miwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, na hata pakiwepo kazi ya ziada zisizidi 12. Inataka mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa 12 za kupumzika kabla ya siku nyingine ya kazi. Kaunta buku la mama lilikuwa la kweli, na ukweli wake ulimshitaki mumewe.

Mama akasema maneno machache: "Wakija, nitawapa hili. Kama ni kosa, ni bora tulikosolewe na watu kabla hatujaulizwa mbele ya Mola."

Mzee hakupinga.

Wakaguzi walifika siku waliyosema. Hawakuanza na faili tulilolipanga kwa rangi, walianza yadi. Walimwita utingo, wakamwuliza mtungi wa moto uko wapi na unatumikaje. Safari hii aliutoa kwa mkono mmoja. Walizungumza na madereva faragha. Walisoma mikataba, wakaona tarehe zake ni za wiki ileile, wakauliza, wakajibiwa kweli. Walisoma daftari la ukaguzi lenye kurasa kumi tu zilizojazwa, kisha kaunta buku la mama, ukurasa kwa ukurasa.

Hatima yake haikuwa tamu. Kampuni ilipewa amri ya maandishi: ratiba ya mapumziko ipangwe na ifuatwe ndani ya siku 30, wafanyakazi wote wapimwe afya, na lori la tatu lisitoke mpaka breki zake za nyuma zifunguliwe na kutengenezwa. Lori hilo lilisimama siku tisa, mnada wa kwanza ukapita, mizigo miwili ikabebwa na wengine. Mzee aliihesabu hasara yake mbele yetu, shilingi kwa shilingi, nasi tukamsikiliza hadi mwisho.

Lakini fundi alipofungua magurudumu ya nyuma, breki zilikuwa zimelika hadi chuma kinasagana na chuma. Dereva hakuwa mzembe. Gari tupu, kwenye tambarare, lilisimama vizuri, na kulizunguka asubuhi kwa nyundo hakuonyeshi kilichojificha ndani ya gurudumu. Lingepakiwa korosho na kushushwa mlima ndipo lingesema. Na katika yale madaftari yaliyowekwa juu ya mkeka wetu usiku ule, kama yangejazwa, penye neno "breki" pangekuwa na alama ya uzima ya siku tisini, kwa mwandiko mzuri.

Hili ndilo tulilojifunza na ndilo tunalotaka kulifikisha. Maandalizi ya ukaguzi ni ya namna mbili. Yapo ya kumridhisha mkaguzi, ambayo hufunika kasoro ili asizione. Na yapo ya kuikubali amana, ambayo hufunua kasoro ili ziondolewe. Kwa nje hufanana: faili, fomu, matairi mapya. Tofauti yake ni kwamba la kwanza likifaulu, hatari hubaki barabarani ikiwa na cheti.

Baadhi yetu hudhani ukaguzi ni jambo la kigeni tulilobandikwa na serikali za kisasa. Si kweli. Umma huu ulikuwa na hisba tangu mwanzo. Inasimuliwa kwamba Umar bin al-Khattab (R.A.) alimpa Bi Shifa bint Abdullah dhamana ya kuangalia soko la Madina. Imamu al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliandika katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba muhtasib huwazuia wenye vyombo vya baharini wasipakie kupita uwezo wa chombo, na wasiondoke upepo unapokuwa mkali. Sisi watu wa pwani na maziwa tunajua uzito wa maneno hayo. Tuliisikia habari ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ya MV Spice Islander usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, na ya MV Nyerere Septemba 20, 2018. Karibu miaka elfu kabla ya majonzi hayo, mwanachuoni alikuwa ameyaandika yale yaliyopaswa kukaguliwa bandarini.

Na nchi kavu ina majonzi yake. Agosti 10, 2019, siku za kuelekea Eid el-Adh'ha, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Ajali moja ya lori haimuui dereva peke yake.

Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Abu Daud, aliingia katika bustani ya Ansari mmoja, ngamia alipomwona akatoa machozi, akamfuta, akamwita mwenye ngamia na kumtaka amche Allah juu ya mnyama huyo anayemtia njaa na kumchosha. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya ngamia, ipi haki ya dereva aliyekesha saa kumi na tisa? Na katika Hadithi ya Abu Dharr (R.A.) tumeambiwa kuwa walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwabebeshe wasichokiweza. Lumbesa haiko kwenye gunia tu. Yapo pia magunia ya usingizi tunayowabebesha watoto wa watu.

Huenda mwingine akasema: ajali ni kadari, na anayeandikiwa hana pa kukimbilia. Tunaiamini kadari. Lakini aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kutegemea, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Kubadili breki ni kufunga ngamia.

Basi tuyaweke haya katika ngazi ya nyumba, kwa kuwa huko ndiko daftari la kweli lilikotoka. Mke wa dereva amwulize mumewe amelala saa ngapi kabla ya safari, na akisikia saa mbili asione aibu kuzungumza na tajiri wake. Mzazi wa utingo aombe kuuona mkataba wa mwanawe, na aulize kama jina lake limepelekwa hifadhi ya jamii na Mfuko wa Fidia. Mwenye lori, hata awe na moja tu, aanze kuandika leo kwa tarehe ya leo. Kurasa kumi za kweli zina heshima kuliko mia za kutunga. Mfanyabiashara na mkulima wasimshinikize dereva apakie zaidi ili kupunguza nauli, kisha wakae wakiwalaumu watu wa mizani. Suratul-Mutaffifin imetuonya kuhusu vipimo, na uzito wa gari nao ni kipimo. Na sisi wa kamati za misikiti tunaopokea michango ya wenye magari tusione uzito kuwakumbusha kabla ya msimu, si baada ya mazishi.

Ama mzee wetu, malori yake manne yanatembea. Dereva anayefika Mtwara jioni hulala huko, na posho ya kulala imeongezwa katika kaunta buku la mama, ambaye bado anaandika saa ya kurudi. Faida ya kila safari imepungua kidogo, na hilo mzee hulisema waziwazi. Kijana wa mama muuza vitumbua amepimwa afya na ana mkataba. Nakala yake mama ameihifadhi ndani ya msahafu wake.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wote, awape wenye vyombo moyo wa amana, na awarejeshe watoto wa watu majumbani kwao wakiwa salama. Wabillahi tawfiq.